GX100 kutoka oto kwenda manyuali: shajara ya uani

Jumamosi, 1 Februari 2025

Nimeamua: oto inatoka, naweka boksi la gia la manyuali. Toyota Mark II yangu, GX100 ya mwaka 1997, imelala uani hapa Tabata tangu kabla ya Krismasi na kuku wa jirani wamekwisha kuizoea. Injini haina neno. Ni 1G-FE, silinda 6, lita 2, bloku ya chuma, inawaka kabla hujamaliza kugeuza ufunguo. Kilichokufa ni boksi la oto, giaboksi inayojibadilishia gia yenyewe, na hili ni la pili kufa. Lile lililokuja na gari kutoka Japani lilianza kuteleza mwaka 2023: linatoka gia ya pili, injini inapiga kelele kama iko nyutro, halafu ya tatu inaingia kwa kishindo cha kukuvunja shingo. Nikanunua la mtumba. Likanivumilia miezi 8. Wiki iliyopita nilichomoa kijiti cha kupimia hidroliki, oili ya boksi la oto, nikakinusa. Oili inayotakiwa kuwa nyekundu imekuwa rangi ya kahawa, inanuka kama maandazi yaliyosahauliwa jikoni.

Aliyeniuzia hakunidanganya, niseme haki. Aliniambia, "Oto haipimwi mezani, bosi. Kuipima ni kuifunga." Hapo ndipo nilipochoka nayo. Boksi la manyuali unaliweka chini, unaingiza gia zote kwa mkono, unazungusha shafti ya mbele na kuangalia ya nyuma. Likiwa bovu linakuambia palepale.

Nimemwita mzee wangu wa gereji, aliyenifundisha kushika spana. Amezunguka gari mara moja, akachungulia chini, akakaa kwenye ndoo.

"Kulitoa hili na kuliweka la mkono ni siku mbili, mwanangu. Vinavyolizunguka ndivyo vitakavyokula mwezi."

Nilidhani anajenga bei. Nikamwambia tutaona.

Mama watoto aliuliza swali moja tu: "Na mimi?" Yeye alijifunza kwenye gari hili hili, oto, na hajawahi kukanyaga klachi maishani. Swali limebaki hewani.

Jumamosi, 8 Februari

Niko Gerezani, mtaa wa maduka ya spea, tangu saa tatu asubuhi. Jua kali, na kila duka lina "bosi karibu" yake.

Ninachotafuta ni W55, boksi la gia tano lililokuwa likifungwa nyuma ya 1G. Wapo waliotaka kunipa W58, wakisema ni ndugu moja na ina nguvu zaidi. Ndugu kweli, na gia zake ni ndefu kidogo, lakini waliyokuwa nayo ilikuwa na belihauzi, ganda la kuunganishia boksi na injini, ya injini nyingine. Kwenye maboksi haya belihauzi hufunguliwa peke yake, kwa hiyo unaweza kuhamisha, ila uwe nayo hiyo ya 1G ya kuhamishia. Mimi sina. Nimekataa.

Duka la tano nimelipata, limetoka Sharjah kwenye kontena la mchanganyiko, bado lina vumbi jeupe la huko. Nimeliinamisha, nimeingiza kwanza, pili, tatu, nne, tano, rivasi. Nimeshika shafti ya mbele na kuitikisa juu na chini: kamchezo kadogo, ka kawaida, maana ncha ya shafti hiyo hutegemea beringi iliyoko kwenye injini, na hapa injini haipo. Nimefungua nati ya oili nikachovya kidole. Oili chafu, lakini haina chuma kinachometameta. Ungekuwepo unga wa dhahabu mwingi ningeondoka, kwa sababu hizo zingekuwa pete za sinkro, zile za kusawazisha mwendo gia zikiingia, zinalika.

Laki nane na nusu, pamoja na belihauzi na uma wa klachi. Nimeongeza flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini ambalo klachi hushikia), presha pleti, masta ya juu na ya chini (pampu za klachi), seti nzima ya pedali na fimbo ya gia. Klachi pleti na rilizi beringi nimenunua mpya. Sinunui mtumba kitu ambacho nikikosea itabidi nishushe boksi zima kukibadilisha.

Nilichosahau: boliti za flaiwili. Tutalia nalo baadaye.

Jumapili, 16 Februari

Kushusha oto. Gari juu ya stendi nne. Siyo matofali, tafadhali. Nimeshaona tofali la saruji likipasuka kama biskuti, bahati nzuri hakuna aliyekuwa chini.

Propela kwanza, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma. Mzee alinionya niweke beseni kwenye mkia wa boksi kabla ya kuichomoa. Nikaweka kadogo. Ukichomoa tu ile nira ya mbele, uma unaoiunganisha na boksi, hidroliki inatoka kama bomba la kioski. Lita nzima iliniingia kwenye mkono wa shati na kutokea kwapani.

Toki konveta, bakuli la hidroliki linalofanya kazi ya klachi kwenye oto, inashikwa na boliti 6 kwenye ile sahani nyembamba yenye meno, na huzioni zote kwa pamoja. Kuna kidirisha chini, unafungua moja, unazungusha krenki, shafti kuu ya injini, kwa spana kutoka mbele, inakuja nyingine. Dogo anayemsaidia mzee alikuwa mbele anazungusha, mimi chini napiga kelele "hapo!" na "rudi!" kwa dakika 40. Boliti za juu za belihauzi ndizo zilizotupa kazi. Huzifikii kutoka chini wala kutoka juu. Dawa ni kulegeza mauntini ya nyuma, kuinamisha mkia wa injini taratibu juu ya jeki, kisha kuunganisha ekstensheni tatu na kuzifikia kwa kupapasa, kama unatafuta ufunguo uliotumbukia kochini.

Boksi limeshuka saa kumi na moja jioni. Ni zito mno. Tumelilaza kwenye gunia, toki konveta ikamwaga iliyobaki, na uani kumekuwa kwekundu kama machinjioni. Mabomba mawili ya kwenda kwenye rejeta nimeyakata na kuyaziba vizuri. Ukiyaacha wazi uchafu wote wa barabarani unaingia.

Siku moja na nusu mpaka hapa. Mzee bado yuko ndani ya hesabu yake.

Jumamosi, 22 Februari

Siku ya vitu vidogo.

Kwanza oili sili ya nyuma ya krenki. Ilikuwa inavuja jasho tu, lakini kufika hapa tena ni kazi ya siku nzima, kwa hiyo mpya imeingia.

Pili, pailoti beringi. Hii ndiyo inayosahauliwa na watu wengi wanaobadilisha gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma. Kwenye oto, pua ya toki konveta hukaa katikati ya krenki na hakuna beringi yoyote pale. Kwenye manyuali, ncha ya shafti ya boksi inahitaji kushikwa, la sivyo inacheza, na baada ya miezi michache unasikia mlio kama chiriku kila ukikanyaga klachi. Nimesafisha tundu kwa sandpepa laini, nikaichukua beringi iliyolala kwenye friza usiku kucha katikati ya samaki (mama watoto hakufurahi), nikaiweka na kuigonga taratibu kwa soketi inayokaa kwenye ukingo wake wa nje tu. Ukigonga ukingo wa ndani umeiua kabla haijafanya kazi. Imeingia kwa mapigo manne, sauti ikabadilika kutoka "to" kuwa "ti", nikajua imefika.

Kisha flaiwili. Na boliti. Boliti za oto zinashika sahani nyembamba, kwa hiyo ni fupi. Flaiwili ni nene. Dogo alijaribu moja, ikashika uzi mara nne tu, akasema, "Kaka, zinatosha hizi." Hazitoshi. Hicho ni chuma cha kilo kadhaa kinachozunguka mara 6,000 kwa dakika karibu na vifundo vya miguu yako. Kazi imesimama. Nimepanda bodaboda mpaka Gerezani, nikarudi na 8 za urefu sahihi pamoja na gundi ya uzi. Tumezikaza kwa kupishana, hatua tatu, mzee mwenyewe ameshika spana ya kipimo.

Uso wa flaiwili ulikuwa na madoa ya bluu ya joto. Tulishaupeleka kwa tona, fundi wa leti, juzi ukapitishwa, sasa unang'aa kama sinia la harusi.

Jumapili, 23 Februari

Klachi pleti lazima ikae katikati kabisa, la sivyo boksi halitaingia hata ukaliitia dua. Kuna kifaa chake cha plastiki. Sisi tumetumia mti wa fagio uliozungushiwa selotepu hadi ukatosha kwenye pailoti beringi na kwenye meno ya pleti. Umefanya kazi mara ya kwanza na nimeuhifadhi.

Boksi juu. Watu watatu na jeki moja. Linaingia, linabaki unene wa kidole, halisogei. Hapa ndipo vijana wanapochukua boliti ndefu na kulivuta kwa nguvu, na ndipo masikio ya belihauzi yanapokatika. Mzee amesema liwekwe gia ya nne, kisha mtu azungushe shafti ya nyuma kidogo huku wengine wanasukuma. Meno yakakutana. "Klup." Limekaa lenyewe.

Oili ya gia lita mbili na nusu hivi, 75W-90, mpaka ikaanza kutiririka kwenye tundu la kujazia. Nimechukua GL-4, siyo GL-5. Pete za sinkro ni za shaba, na dawa za salfa zilizojaa zaidi kwenye GL-5 si rafiki wa shaba. Wauzaji wengi watakuambia ni kitu kilekile. Labda kwao.

Kutoa na kuweka ni siku mbili kweli, kama alivyosema, ukiacha jana ya vitu vidogo. Nimemkumbusha mzee kwamba kazi imeisha. Amecheka mpaka akakohoa.

Jumamosi, 8 Machi

Mwezi mtukufu umeanza, mzee na dogo wamefunga. Tunaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, adhuhuri kila mtu kwake. Sifungi mimi, lakini kunywa maji mbele yao siwezi, kwa hiyo nimefunga kwa aibu.

Pedali. Nimelala kichwa chini miguu juu ya siti, shingo imekunjika chini ya usukani, kwa saa tatu. Breki pana ya oto imetoka, imekuja nyembamba, na ya klachi pembeni yake. Ukuta wa injini inabidi utobolewe kwa ajili ya masta ya juu. Tumefunga bano la pedali kwanza mahali pake, tukatumia gasketi ya masta kama kipimo, tukatia alama kwa rangi ya kucha ya binti yangu, ndipo tukatoboa. Tundu dogo kwanza, kisha kubwa. Ukianza na kubwa drili inateleza, na ukikosea milimita tano fimbo ya pedali inasukuma masta kwa upande na sili yake inakufa mapema. Chuma kilichotobolewa tumekipaka rangi. Uko Dar, hewa ya chumvi haisubiri.

Bomba la klachi limepita mbali na ekzosti. Halafu kutoa upepo. Mwanangu wa miaka 11 ndiye fundi wa pedali, mimi chini kwenye masta ya chini na mpira wa dripu ndani ya chupa ya maji.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga."

"Shikilia!"

"Nimeshikilia."

Nalegeza nati, viputo vinatoka, nakaza. "Achia!"

"Baba, haijarudi juu."

Inyanyue kwa mkono. Tena. Mara ya ishirini hivi pedali ikaanza kuwa na uzito. Mara ya thelathini mwanangu akauliza kama hii ni kazi ya kulipwa. Imelipwa kwa soda mbili na chipsi.

Propela nayo imerudi leo kutoka kwa tona. Boksi la manyuali haliishii pale lilipoishia la oto, na meno ya nira si yaleyale, kwa hiyo nusu ya mbele imekatwa na kuunganishwa na nira ya W55. Imepakwa rangi nyeusi safi. Nimeifunga bila kuitazama sana. Kumbukeni sentensi hiyo.

Jumamosi, 15 Machi

Nyaya. Mvua za masika zimeanza kujaribu, tumefunga turubai kutoka mwembeni hadi kwenye kenchi ya banda.

Ya kwanza ni stata. Kwenye oto, umeme wa kuwashia unapita kwenye swichi iliyo ubavuni mwa boksi, ili gari liwake likiwa P (kuegesha) au N (nyutro) pekee. Boksi limeondoka na swichi yake, ukigeuza ufunguo kimya. Wengi huunganisha zile nyaya mbili nene moja kwa moja na kuendelea na maisha. Gari linawaka, ndiyo, lakini linawaka hata likiwa gia ya kwanza, na siku mtoto akichezea ufunguo litaingia sebuleni. Nimezipitisha kwenye swichi ya pedali ya klachi. Lazima ukanyage ndipo liwake. Vipande viwili vya waya na dakika ishirini.

Taa za rivasi: nyaya mbili za R zimehamia kwenye swichi ya boksi jipya. Rahisi. Sensa ya spidi: soketi ya boksi na ya gari hazifanani, lakini zote zina waya tatu, umeme, athi na ishara. Nimepima kwa mita ipi ni ipi, nikaunganisha soketi kwa nyaya, nikafunga tepu. Mshale wa spidi unacheza.

Halafu kiburi kikaniingia. Kompyuta ya gari haijui kama boksi limeondoka. Inatafuta solenoidi zake, valvu za umeme za kubadilisha gia, haizioni, inaandika makosa na kupepesa taa ya O/D OFF (ya ovadraivu, gia ya juu) usiku na mchana. Nilikuwa nimesoma kwamba unaweza kuidanganya kwa rezista mahali pa kila solenoidi. Solenoidi zenyewe zina omu 11 hadi 15. Nikatafuta rezista za omu 15 kwenye kopo langu la redio mbovu, zile nyembamba kama punje za mchele, nikaziunganisha na kufunika vizuri. Nikageuza ufunguo.

Sekunde tatu. Moshi mweupe kutoka chini ya dashibodi na harufu ya kucha iliyoungua. Dogo alikuwa ameshaondoa betri kabla sijapata neno la kusema.

Hesabu ambayo ningeifanya kabla: volti 12 kwenye omu 15 ni karibu wati 10, na zaidi injini ikichaji. Rezista ya redio inavumilia robo wati. Na gari likiwa limesimama tu kompyuta huwa tayari inaipa umeme solenoidi ya kwanza, ndiyo maana halikunipa hata nafasi ya kuondoka. Kompyuta imepona, Mungu mkubwa. Nyongeza ya Jumatatu: nimenunua zile nene za kauri za wati 25, nimezifunga kwenye bati la alumini mbali na zulia, kwa sababu hata hizo zinachemka kiasi cha kutoshikika. O/D OFF imenyamaza. Mzee anasema angetoa balbu tu. Sijamwambia kwamba usiku nililiwaza hilo.

Jumamosi, 22 Machi

Limetembea.

Klachi inashika katikati ya pedali, gia ya kwanza imeingia bila kelele, nimetoka getini kwa taratibu ya bibi harusi. Ya pili. Ya tatu. Barabara ya ndani ya mtaa ilikuwa tupu kwa sababu watu wamelala swaumu, nikapiga kelele peke yangu ndani ya gari. GX100 ya oto ilikuwa inafikiri kwanza kila ukikanyaga mafuta. Hii haifikiri, inakwenda.

Nikaingia barabara kubwa. Kwenye 60 kuna kitu. Kwenye 70 kioo cha ndani kinatetemeka, magari ya nyuma yamekuwa mawili mawili. Kwenye 80 siti inanikanda kama niko saluni. Nikapunguza hadi 55, kimya.

Nimejaribu mambo mawili kabla ya kurudi. Kwenye 80 nimekanyaga klachi na kuacha injini ishuke hadi sailensa, mzunguko wake wa chini kabisa: mtetemo ule ule. Kwa hiyo siyo injini, siyo flaiwili, siyo klachi. Nimebadilisha kutoka ya tano kwenda ya nne kwa spidi ile ile: ule ule. Unafuata mwendo wa gari, haufuati injini. Magurudumu yalikuwa salama mwezi Desemba. Kimebaki kitu kimoja kilichoguswa.

Jumamosi, 5 Aprili

Idi imepita, pilau imepita, tumeshusha propela.

Mzee hakuhitaji mashine. Ameilaza nusu ile ya mbele kwenye meza, akaweka rula ya chuma juu ya nira ya mwisho mmoja, na nyingine juu ya nira ya mwisho wa pili, akaniambia nisimame nyuma nitazame kwa jicho moja. Rula mbili zilitakiwa kulala sambamba kama reli. Ya mbali ilikuwa imeinama kama mtu anayesikiliza umbeya.

Krosi, kiungo cha msalaba kinachoshika nira, haizungushi kwa mwendo sawa ikiwa na pembe. Kila mzunguko mmoja inaharakisha mara mbili na kuchelewa mara mbili. Krosi ya upande wa pili kazi yake ni kufuta kosa hilo, na inalifuta pale tu nira zinapokuwa kwenye mstari. Zikipishana, makosa yanaongezana. Aliyechomea aliunganisha bomba zuri, welding safi, akakosa hapo tu. Na mimi nilipewa kitu kilichopakwa rangi nikakifunga bila kuweka rula, dakika moja ya kazi.

Tona mwingine amekata palepale, amepanga nira kwa rula na kamba, ameshika kwa nukta nne, akapima kwenye mashine ya leti kabla ya kuchomea mzunguko mzima, kisha akafanya balansi. Kwa hiyo nimelipa propela mara mbili. Beringi ya katikati nimebadilisha pia, mpira wake ulikuwa umeshapasuka kwa mtetemo ule.

Jioni: 90, kioo kimetulia, naona mpaka ndevu za dereva wa nyuma.

Jumamosi, 26 Aprili

Siku ya Muungano, ofisi zimefungwa. Nimekwenda Chalinze na kurudi.

Kabla ya safari nilitaka kujua uwiano wa difu yangu, giaboksi ya ekseli ya nyuma. Njia ya uani: gurudumu moja la nyuma chini, limezuiwa, jingine juu, boksi nyutro. Zungusha la juu mara mbili kamili na hesabu propela. Mara mbili, siyo moja, kwa sababu difu inagawa. Yangu ilizunguka mara 4 na kipande kidogo, sehemu moja ya kumi hivi. Tuite 4.1.

Sasa hili hakuna aliyeniambia Gerezani. Gia ya nne ya oto, ile ya O/D, ilikuwa ndefu: kwenye 100 mshale wa mizunguko ya injini ulisimama kwenye 2,400. Gia ya tano ya W55 ni 0.850. Kwa tairi za 195/65R15, kwenye 100 injini inazunguka karibu 2,900. Nimeitazama njia nzima, Kibaha hadi Chalinze, haidanganyi. Gari lina haraka zaidi na lina kelele zaidi. Ningeipata W58, ambayo ya tano yake ni 0.783, ningekuwa chini kidogo ya 2,700. Kwa mtu wa safari za Mbeya kila wiki ningemwambia aitafute hiyo na belihauzi ya 1G hata kwa miezi mitatu. Kwa mimi wa Tabata na Kariakoo, ambako vibao vya 50 na trafiki wenye tochi za kupimia spidi wako kila kona, sijutii. Gia ya kwanza ni fupi mno, ukishaondoka tu unataka ya pili, lakini mlimani gari linapanda likiimba.

Kitu kimoja kilinichosha: upepo wa moto na vumbi kutoka kwenye fimbo ya gia. Nilifunga ngozi ya juu ya kupendeza na kuacha mpira wa chini, nikidhani ni ule ule. Mpira wa chini ndio unaozuia joto la boksi na moshi wa ekzosti. Utafungwa Jumatatu.

Jumapili, 18 Mei

Kilomita 1,100. Klachi imeshakaa, haina harufu. Hakuna tone chini, nimelaza katoni jeupe usiku tatu. Kuna mlio mdogo kwenye fimbo kati ya 3,000 na 3,200, nadhani bushi ya plastiki ya chini, nitaishughulikia nikishusha kitu kingine.

Mama watoto alikuja uani mwenyewe, amevaa raba, akanyoosha mkono wa ufunguo.

"Baba watoto, kaa huko kushoto. Na usiongee."

Amekanyaga klachi, gari limewaka. Ameweka ya kwanza. Ameachia kwa ghafla, tukaruka kama chura na likazima. Kuku wa jirani wakakimbia. Sikuongea. Mara ya pili likazima. Mara ya tatu ameachia nusu, akaihisi pale inaposhika, nimeona uso wake ukibadilika, akaongeza mafuta kidogo na gari likasogea mpaka getini.

Akasimama, akashusha kioo, akamwambia mwanetu afungue geti lote.